Namna Nilivyoizeesha Bunduki Yangu

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Leo nimekuwa mtu. Nina bunduki! Si ile ya kuwindia paa, hiyo kila nyumba hapa Kettle Butte, Montana, inayo, hata mchungaji anayo. Hii ni ya kale. Tumbo la shaba njano. Mtutu wa pembe nane. Kitako cha mti mwekundu unaong'aa. Na chini kuna kile kishikio unachokisukuma mbele na kukirudisha, klak-klak, kama wachunga ng'ombe wa enzi zile.

Nimeipata kwa mjane wa marehemu Rasch. Alikuwa amevitandaza vitu vya marehemu uani kuviuza. Tukabadilishana: yeye bunduki, mimi kodiani yangu. Mke wangu Velma hakuuliza bunduki ni ya kazi gani. Aliuliza tu kama mjane anaweza kubadili mawazo na kuirudisha kodiani. Nikamwambia hapana, imeondoka moja kwa moja. Akanikumbatia! Sijakumbatiwa namna ile tangu Pasaka.

Mjane anasema mumewe hakuwahi hata kuigusa. Miaka yote ilikaa ndani ya sanduku lake la karatasi ngumu, imeviringishwa kitambaa, pamoja na cheti fulani chenye muhuri wa dhahabu. Mimi naikisia ni ya mwaka 1874 hivi. Inaonekana mpya kwa sababu Rasch alikuwa mtu msafi.

Nikahakikisha haina risasi. Mara mbili. Kisha nikasimama mbele ya kioo cha chumbani. Klak-klak, kutoka kiunoni! Klak-klak, kutoka begani! Velma akatokea mlangoni na mwiko, akasema ameshahesabu mia mbili, na kama adui ni kabati lake la nguo basi limekwisha kufa, niliache lipumzike.

Jumamosi ni maonyesho ya Chama cha Bunduki za Kale. Sijakosa hata mara moja kwa miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja nimesimama mlangoni na birika kubwa, kifuani nimebandikwa kikaratasi: KAHAWA. Hata jina langu hakuna! Wenye bunduki wana meza zao, kitambaa cha kijani, kadi yenye jina. Watu wanasimama mbele yao na kuuliza maswali. Mimi swali ninaloulizwa ni sukari iko wapi. Mwaka huu mwanachama mmoja amehamia Arizona na meza yake iko wazi. Naitaka meza ile kuliko kitu chochote duniani. Nikiikosa safari hii, nitamimina kahawa mpaka siku ya kuzikwa.

Jumanne, 6 Oktoba

Baridi ya kwanza ya mwaka. Kuni zimegoma kushika moto. Nikalikumbuka sanduku la Rasch. Karatasi ngumu, kavu, liliwaka vizuri ajabu. Cheti nilikikunja mara nne nikakisukumia chini ya mguu wa meza ya jikoni. Haiyumbi tena. Asubuhi ya mafanikio.

Kisha akaja shemeji. Dwight Ostby, kaka yake Velma. Ana bunduki tatu za kale, meza iliyo karibu na jiko la ukumbi, na utepe wa buluu wa mshindi miaka sita mfululizo. Alileta ngano ghalani, na mimi ndiye mtu wa mizani. Nikaitoa bunduki kibandani nimwonyeshe.

Aliiangalia muda wa kupiga chafya moja. Akasema, "Shemeji, hii imetengenezwa mimi nikiwa tayari nanyoa ndevu."

Akasema ni msichana aliyevaa nguo za bibi yake. Tazama skrubu, akasema, hazijawahi kuonana na bisibisi. Tazama kitako, hakina jasho la mtu. Kisha, mbele ya madereva watatu waliokuwa kwenye foleni, akauliza kama mwaka huu kahawa itakuwa na moto kidogo, maana mwaka jana alidhani anakunywa maji ya kuoshea vikombe. Wakacheka wote. Nikampimia ngano yake bila kumtazama usoni. Iliniuma. Iliniuma sana.

Lakini nimewaza mchana kutwa. Mwamuzi wa meza si Dwight. Mwamuzi ni Bi Eunice Tverdal, mjane wa fundi wa bunduki, anayekuja kutoka Great Falls kila Ijumaa ya kabla ya maonyesho. Ijumaa! Nina siku tatu. Mimi mwenyewe nimezeeka bila kusaidiwa na mtu. Bunduki, ikisaidiwa, itashindwaje?

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeanza. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema mgongo.

Kitako: chai nzito, majani nusu kopo, nimekipaka mara sita. Shaba: siki. Siki ilikuwa ya Velma, galoni nzima, ya kuwekea bitiruti. Aliporudi akakuta bitiruti zimechemshwa na siki hakuna. Nikamwambia imevukia hewani. Akasema kweli, maana hata mbwa amevukiwa nayo.

Siki haikutosha. Shaba ikawa nyekundu-nyekundu tu kama mtu aliyeona haya. Nilisoma zamani mahali fulani kwamba ukitaka chuma kizeeke, kizike kwenye samadi ya farasi. Farasi sina. Dwight anao. Nikampigia simu. Akauliza samadi ya nini. Nikasema ya maua ya Velma, mawaridi. Akauliza mawaridi gani ya Oktoba, ardhi imeshaanza kuganda. Nikasema ndiyo sababu, yanasikia baridi. Akasema nije nichukue hata pikapu nzima, na nimpe dada yake pole.

Saa tisa alasiri nimeizika nyuma ya banda. Itakaa humo mpaka kesho. Najisikia kama mtu aliyetega mtego.

Jumatano, baadaye kidogo

Mbwa ameifukua. Ameiburuta hadi sebuleni na kuilaza juu ya zulia. Velma hazungumzi nami.

Alhamisi, 8 Oktoba

Imezikwa tena, juu yake jiwe. Imefukuliwa mchana. Ajabu! Shaba imeota ukijani. Mtutu una madoa. Harufu si ya mchezo, lakini historia ina harufu yake.

Kilichobaki ni makovu. Bunduki iliyovuka bara ina makovu. Nimezichokoa skrubu zote kwa kisu cha siagi. Kisha nikaitia katika gunia la viazi, nikalifunga nyuma ya pikapu, nikalivuta polepole kwenye barabara ya kokoto kwa nusu maili. Barabara ile haipiti mtu. Leo kapita nani? Kapita Dwight. Kasimamisha gari dirisha kwa dirisha. Akauliza kilichomo guniani. Nikasema tanipu. Akatazama gunia, akanitazama mimi, akauliza, "Unazitembeza?"

Nikasema zinakuwa laini. Aliondoka taratibu, nami nilimwona kwenye kioo akigeuka mara mbili.

Jioni nikaongeza jambo la mwisho. Nimechonga kwa msumari kitakoni: E. STUKEY 1874. Yaani Ezekiel Stukey, babu wa babu yangu, dereva wa magari ya ng'ombe, aliyewafukuza majambazi saba kwenye kivuko cha mto. Nilimsimulia Velma wakati wa chakula, kwa majaribio. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakumbusha kwamba ukoo wetu walikuwa waokaji mikate huko Iowa, kwamba wa kwanza kufika Montana alifika 1911 kwa treni, na kwamba alishuka akalia kwa sababu ya upepo.

Majambazi nimewapunguza wawe watano.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nitaandika yote.

Nilifika ukumbini saa nne, shati limepigwa pasi. Bi Eunice ameketi kwenye meza ya usajili, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Dwight naye yupo, anapanga zake karibu na jiko. Nikaiweka bunduki mezani. Nikaanza habari za Ezekiel. Nilikuwa nimefika kwa jambazi wa pili Bi Eunice aliponyanyua kidole.

Akainusa.

Akaigeuza. Akakwangua ukijani kwa ukucha. Akachungulia skrubu, moja baada ya nyingine, na kila moja akiguna. Kisha akaitazama chini ya tumbo, kwa kile kioo chake, muda mrefu mpaka nikasikia saa ya ukutani. Alipoinua uso alikuwa amepauka.

"Mwanangu," akasema, "hii umeizika?"

Nikasema kidogo.

Akauliza kama sanduku lipo. Nikasema lilikuwepo. Akauliza kama kulikuwa na cheti chenye muhuri. Nikasema kipo, kiko kazini. Akauliza, kwa sauti ya daktari anayeuliza umeanguka kutoka urefu gani, kama nimewahi kukivuta kile kishikio. Nikasema mia mbili, kwa hesabu ya mke wangu.

Basi akaeleza, na Dwight akasogea kusikiliza. Kwamba wilaya yetu ilipotimiza miaka mia moja, fundi mmoja alitengeneza bunduki sitini na mbili kwa mtindo wa zamani, kwa mkono wake, akafa kabla ya kutengeneza ya sitini na tatu. Kwamba chini ya tumbo kuna namba, na yangu ni arobaini na moja. Kwamba nyingi ziliharibiwa na watu waliozipeleka porini kuwinda, na yeye miaka tisa anatafuta hata moja ambayo haijavutwa kishikio, iliyo na sanduku lake na cheti chake. Ukikivuta mara moja tu, akasema, kinaacha mstari kwenye shaba, na mstari haufutiki. Angeiweka meza ya katikati, chini ya taa. Angeipa utepe wa buluu.

Nikasema, lakini si ni ya kuigiza, mpya yenye sura ya kale? Chama si cha za kale tu?

Akasema za kuigiza zinapokewa tangu miaka mitatu iliyopita. Tangazo limebandikwa mlangoni.

Mlangoni. Pale ninaposimama na birika. Mgongoni kwangu!

Nikatafuta kiti. Dwight hakucheka. Ndicho kilichonimaliza: hakucheka. Alinisogezea kiti na kuniwekea mkono begani, na Bi Eunice akasema kwa upole kwamba hizi za kuigiza thamani yake ni upya wake, usiguse, usifute, usivute. Na za kale thamani yake ni ukale wake, nazo vilevile usiguse, usifute. Mimi nilisikia mpaka pale kwenye upya. Baada ya hapo masikio yalijaa maji.

Nikamwambia basi, nitaleta birika saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Machozi yalikuwa karibu, sioni haya kuandika.

Nilikuwa nimefika kwenye pikapu Bi Eunice aliponiita. Akasema kila mwaka wanakuja watu wenye bunduki mpya na hakuna wa kuwaambia lolote. Akasema hajawahi, katika maisha yake yote, kuona mtu aliyekosea kila kitu katika siku tano. Akasema meza ni yangu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Meza! Kitambaa cha kijani! Na kadi, kwa maandishi ya Bi Eunice mwenyewe: HARLAN STUKEY. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Mambo Ambayo Mwenye Bunduki Mpya Asiyafanye. Huo mstari wa pili niliuegeshea kikombe. Bi Eunice akapita, akakiondoa kikombe. Nikakirudisha. Akakiondoa.

Kufikia saa tano foleni ilifika mlangoni. Nilisimulia sanduku. Nilisimulia siki. Nilipofika kwenye tanipu, mwanamke mmoja ilibidi ashike meza. Mfugaji mmoja kutoka Havre, aliyekuja na uso wa kununa, aliposikia habari za chai alitoka mbio kutafuta simu: alikuwa amemwachia mkewe kopo la vanishi na bunduki ya babu yake. Alirudi akitweta, akasema amewahi, brashi ilikuwa tayari mkononi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi! Watu waliniuliza maswali kutwa nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza sukari.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyohivyo: nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba wananicheka, na haikunisumbua.

Kwa Dwight hakukuwa na foleni. Mchana akaja na kikombe cha kahawa, akaniwekea mbele yangu. Ilikuwa ya baridi kama maji ya kuoshea vikombe. Niliinywa yote.

Na tulipokuwa tunafunga akaniomba jambo. Binti yake amepata mtoto huko Bozeman, anataka kwenda moja kwa moja kutoka ukumbini, naye hapendi kuiacha bunduki ndani ya gari. Ni ile yenyewe, ya 1873, ya babu wa babu yake wa kweli, iliyompa utepe tena leo. Akaniuliza kama naweza kukaa nayo mpaka kesho alasiri. Akasema, "Wewe sasa unajua kutunza, shemeji."

Aliniita shemeji bila kejeli. Nilimwangalia vizuri, hapakuwa na kejeli. Niliipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo.

Jumapili, 11 Oktoba

Velma amekwenda kanisani. Mimi nimebaki na wajibu.

Nimeifungua bunduki ya Dwight mezani, na sikuamini macho yangu. Masikini shemeji! Miaka yote ile nilikuwa naiona kwa mbali, kutoka mlangoni, sikujua hali yake. Chuma chote kimekuwa rangi ya kahawia, kama kiatu kilichosahauliwa mvuani. Kitako kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu. Mahali pa kuwekea dole gumba kuna shimo kabisa, pamelika kwa kushikwashikwa. Na hii ndiyo inapata utepe! Watu wanamhurumia, hakuna sababu nyingine. Na yeye, mtu wa kiburi, hawezi kuomba msaada. Amenipa mimi. "Unajua kutunza." Mtu mwenye akili anaelewa anachoambiwa.

Na Bi Eunice kasema wazi, nilimsikia kwa masikio yangu: thamani ni upya.

Saa nne na nusu za kazi. Sufu ya chuma ya kusugulia masufuria, pakiti tatu. Ukahawia wote umetoka. Mtutu sasa ni mweupe kama kijiko cha harusi, unaweza kunyolea ndevu. Kulikuwa na maandishi ya kizamani yaliyokuwa yanauchafua, jina la kiwanda na tarehe na sijui nini. Nayo yametoka yote, ingawa yalisumbua. Kitako nimekipiga msasa mpaka mti mweupe. Lile shimo la dole gumba nimelijaza gundi na unga wa mbao, hutajua kama liliwahi kuwepo. Kisha vanishi ya madirisha, mara mbili.

Sikuvuta kishikio hata mara moja. Mimi si mjinga.

Velma amerudi. Alisimama mlangoni, akaiangalia, akaketi bila kuvua koti. Amenishika mkono. Nadhani ni fahari.

Nimeisimamisha dirishani, juani, ili Dwight aione kabla hata hajashuka garini. Hilo hapo, gari lake linaingia uani. Amezima injini. Ameiona! Amekaa tu pale, mikono juu ya usukani, mdomo wazi, hawezi hata kufungua mlango. Sijawahi kumwona Dwight akilia kwa furaha.